Hedifoni Chini ya Ushungi

Wale wanaopima hedifoni za bei nafuu mtandaoni hawavai ushungi. Nimewatazama wengi, vijana wenye taa za rangi nyuma yao, wakitikisa vichwa, wakiruka kamba, wakikimbia juu ya mashine isiyokwenda popote, ilimradi waonyeshe kwamba kidude kimeng'ang'ania sikioni. Hakuna hata mmoja aliyekizungushia kitambaa, akakibana kwa pini chini ya kidevu, akakaa nacho tangu asubuhi mpaka alasiri katika joto la Mji Mkongwe. Uchunguzi huo ilibidi niufanye mimi. Niliufanya kwa bidii, na nusura unikoseshe jirani yangu wa mlango wa mbele, mama aliyenipokea mtaani nikiwa bi harusi mgeni, akanifunza nani wa kumkopa chumvi na nani wa kumuogopa.

Kazi yangu ni kusikiliza. Watu wa utafiti huenda Bwejuu na vijiji vya jirani, wakazungumza na wanawake wanaolima mwani, wakawarekodi, kisha wakaniletea sauti hizo niziandike neno kwa neno. Wao hukaa ufukweni saa chache wakapunga upepo. Upepo huo huo huja kwangu ndani ya rekodi, ukivuma juu ya maneno ya watu, na mimi ndiye wa kuuchambua kama mchele wenye mawe. Bila hedifoni kazi hiyo haiwezekani. Zile za waya nilizokuwa nazo zilikuwa zimekufa upande mmoja, na nilikuwa nikiandika nusu ya Bwejuu kwa kukisia.

Kisha kuna uchochoro wetu. Ni mwembamba kiasi kwamba mimi na jirani yangu tunaweza kupeana kijiko kila mtu akiwa kizingitini kwake. Chini ya dirisha langu zinapita vespa, anapita muuza samaki, na wanapita waongoza watalii, ambao ndio wenye sauti kubwa kuliko wote. Nyumba yetu ina mlango wa nakshi, kwa hiyo kila kundi lazima lisimame. Mmoja husema minyororo iliyochongwa pembeni ni ya kumlinda mwenye nyumba na husda. Wa pili husema mwenye nyumba alikuwa tajiri wa karafuu mwenye wake wengi, na akifika hapo huelekeza kidole dirishani kwangu, watalii wakanitazama kwa huruma. Nyumba tumepanga. Mume wangu ni fundi wa mafriji, na mke ni mimi peke yangu.

Basi nikaenda sokoni Darajani. Muuzaji alinitandikia vidude vya kila rangi juu ya kioo, akaniapia kwamba vyote ni orijino, na vile vya bei ya chini akaniapia mara mbili. Nilimuuliza ipi inasikika vizuri. Akasema zote. Nikamuuliza ipi haiumizi. Akasema haiumizi yoyote, inategemea sikio. Nikaona sasa lawama imeshahamishiwa kwenye sikio langu kabla sijatoa hata pochi. Alipoona nasitasita, alichukua jozi nyeupe zenye vikia akanambia, "Ukizitia hizi, dada, wakubomolee nyumba hujui." Nilicheka, nikanunua.

Zile nyeupe zilikuwa na mwanamke ndani. Kila nilipozivaa, mwanamke huyo alitamka neno moja kwa sauti ya heshima, katika Kiingereza kilichopitia China, kunijulisha kwamba ameshaungana na simu. Siku ya kwanza alinishtua nikaitikia, "Naam." Nilitazama huku na huku kama kuna aliyenisikia. Sauti yake yeye ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Sauti zilizofuata zilikuja na ngoma. Besi ilikuwa nyingi mno. Mwanamke wa Bwejuu akisema ameamka alfajiri kufuata maji kupwa, unasikia kama anayasema ndani ya pipa huku mtu analigonga kwa nje. Na vile vikia vilikuwa vinasukumwa na ushungi, kidude kikageuka kidogo kidogo sikioni, hata nikifika aya ya tatu kimeshatazama nje.

Jozi ya pili alinipa dada yangu anayekaa Michenzani. Alizinunua mwenyewe na zikamshinda, naye ana tabia ya kukupa kilichomshinda kwa uso wa mtu anayetoa sadaka. Hizo zilikuwa na kulabu za kupitisha nyuma ya sikio. Sauti yake, haki yake nitaipa, ilikuwa nzuri: upepo ulikaa mbali na maneno yalikaa karibu. Lakini kulabu na pini ya ushungi ziligombania pahala pamoja, na baada ya saa moja sikio la kushoto lilikuwa limewaka moto. Nilipomlalamikia dada aliniambia masikio yangu ni ya upande wa baba.

Jozi ya tatu nilirudi kuichukua Darajani, kwa muuzaji yule yule, ambaye hakuona aibu. Vilikuwa vyeusi, vidogo, mfano wa kokwa za zambarau, na ncha zake laini zilijaza tundu la sikio mpaka dunia ikafungwa nje. Sauti ilikuwa nyembamba kidogo lakini ya kweli. Nilisikia mwani ukiburutwa majini. Nilisikia mwanamke akimeza mate kabla ya kusema uongo. Vilikuwa na kasoro moja tu: vilichomoka. Nikiinama vinaanguka, nikipiga chafya vinaanguka, na kimoja kiliingia katika sufuria ya mchuzi wa pweza kikatoka kizima, jambo ambalo wale vijana wa mtandaoni bado hawajalijaribu.

Dawa yake niliigundua mwenyewe, na niliiona ni ya akili sana. Nilichukua ushungi mzito, nikaupitisha juu ya masikio, nikaukaza, nikaufunga nyuma. Vidude havikutikisika tena. Havikuuma, havikuonekana, havikuchomoka hata nilipofagia au nilipotoka kwenda dukani. Tangu siku hiyo nikawa navaa ushungi ndani ya nyumba yangu, mchana kutwa, nimekaa kwenye kiti mbele ya dirisha lililo wazi kwa ajili ya hewa. Uchochoro ulihama. Waongoza watalii walikuwa wakifumbua na kufumba midomo bila sauti, wakielekeza vidole kwenye minyororo, na mimi nikawapungia mkono. Sikumbuki kuwa na furaha kama ile tangu tuhamie pale.

Siku moja asubuhi nilikuwa na rekodi ya bibi mmoja wa Bwejuu. Mtafiti, kijana mpole, alimuuliza kwa siku anapumzika kwa muda gani. Bibi akamuuliza yeye, kazi yake ni ipi. Kijana akasema ndiyo hii. Bibi akamuuliza, yaani kuuliza watu kama wamepumzika. Kijana akasema ndiyo. Bibi akamuuliza kama mama yake anajua. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, macho yangu yakiwa dirishani lakini hayaoni kitu, kama macho ya mtu yeyote anayesikiliza, na nikacheka tena mpaka machozi. Baadaye, nilipovua, niliona uchochoro unanukia udi. Nikajiambia kuna mtu kajifukiza vizuri leo, nikaenda kuinjika wali.

Siku zilizofuata sikuona tofauti yoyote, kwa sababu tofauti yenyewe ilikuwa ya sauti. Ijumaa nilimpelekea jirani yangu mkate wa kumimina, kama kawaida yetu. Nilimkuta bafuni, nikauacha jikoni. Sahani yangu niliikuta jioni juu ya baraza, nje ya mlango wangu, imeoshwa, imefutwa, na haina kitu. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa maana yake. Sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu ndani utatia ndimu mbili, utatia kipande cha sukari guru. Mimi niliitazama nikafikiri labda mama wa watu amechoka, maana nilikuwa nikijua nyumbani kwake kuna shughuli. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa. Binti huyo nimemsuka nywele tangu hajaanza chuo cha Kurani, na harusi yake nilikuwa nikiisubiri kama mimi ndiye niliyemzaa.

Dada yangu ndiye aliyenitoa usingizini. Alinipigia simu kuniuliza kama nimeshachukua kitambaa changu cha sare. Nikamuuliza sare ya nini. Akaniuliza kama nafanya mzaha. Kumbe Michenzani walialikwa, dada yangu na majirani zake wa ngazi nzima ya ghorofa lao, wanaokaa mbali kote huko, na mimi ninayeweza kuupokea mwaliko bila kuvaa kandambili sikualikwa.

Mgeni anaweza kudhani ni jambo dogo, na kwamba mtu angeniletea ujumbe wa simu yakaisha. Simu tunazo, na tunatumiana kila aina ya takataka asubuhi mpaka usiku. Lakini harusi haialikwi kwa simu. Mwaliko wa simu ni sawa na kuambiwa, ukija sawa, usipokuja pia sawa. Wanawake hujifukiza udi, wakavaa, wakaingia mtaani nyumba kwa nyumba, wakabisha hodi. Hodi ni tatu. Wakijibiwa wataingia wataalika. Wasipojibiwa hata ya tatu wanaondoka, na hapo hakuna ubaya, huenda mwenye nyumba hayupo, huenda anasali. Ubaya ni pale mwenye nyumba yupo, yuko kwenye kiti mbele ya dirisha, anawatazama usoni, na anacheka.

Dada alinimiminia yote. Jirani yangu alikuja na mashoga zake wawili. Walibisha hodi ya kwanza nikawatazama. Walibisha ya pili nikacheka. Walibisha ya tatu nikashika mbavu. Kisa kilikuwa kimeshazunguka mtaa, na kila kilipopita kilichukua mzigo. Muuza samaki alitoa ushahidi kwamba siku hizi nikiitwa siitiki. Mke wa mwenye duka la kanga alisema alinipa salamu pembeni ya msikiti nikampita kama nguzo. Wengine walisema nilikuwa nikimtaka yule binti kwa mtoto wa kaka yangu, nikakosa, ndiyo roho inaniuma. Wengine walisema ni pesa za Wazungu wa utafiti. Kaka yangu hana mtoto wa kiume, na watafiti wenyewe ni watu wa Makunduchi. Hakuna aliyefikiri hedifoni, kwa sababu hakuna aliyeziona.

Nilikata simu nikalia. Nilikuwa nimetumia wiki nzima kulinganisha jozi tatu, ipi inasikika na ipi inakaa, na katika wiki hiyo hiyo sauti niliyoitaka kuliko zote ilisimama dirishani kwangu mara tatu ikaondoka. Harusi ningeweza kuikosa nisife kwa hilo. Lakini kuishi mlango kwa mlango na yule mama, tukitazamana kila asubuhi kama watu wa basi, nisingeweza.

Nilikwenda siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, masikio wazi. Nilibisha hodi moja tu akaitikia. Masikio yake, mashaallah, ni mazima. Alikuwa amekaa chini na ungo wa mchele. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia "Marahaba" kwa utulivu, akainuka, akanipa kiti. Mimi, katika nyumba ile, sijawahi kupewa kiti. Pahala pangu ni mkekani, ubavuni mwake, na mkono wangu katika ungo. Kisha akaleta sharubati juu ya trei, gilasi ile ya wageni, na kitambaa chini yake. Nilitamani anitukane.

Nilieleza yote, nikavuka maneno, nikarudi nyuma. Nilimwambia kuhusu upepo wa Bwejuu na kuhusu bibi na kijana. Nilimwambia kuhusu ushungi. Mwisho nikafungua kiganja nikamwonyesha vile vidude vyeusi. Alivitazama kwa muda.

"Nlikuja mwenyewe," alisema. "Sikutuma mtu. Na mlango wako ndio wa kwanza, kabla ya ndugu zangu wa damu."

"Sikukusikia, mama. Wallahi sikukusikia."

"Kwa hivi?"

Niliona hanisadiki, na ningekuwa yeye nisingenisadiki. Nikamuomba idhini. Nilimtia kimoja sikio hili na kimoja sikio lile, nikamfunga ushungi wake juu yake, nikaukaza nyuma kama mtaalamu, nikawasha rekodi ya bibi wa Bwejuu. Kisha nikatoka nje kabisa, nikasimama uchochoroni, nikabisha. Hodi ya kwanza nilibisha kwa adabu. Ya pili niliipandisha, hata mwongoza watalii aliyekuwa mlangoni kwangu akakatisha habari zake za wake wengi. Ya tatu nilipiga ukelele. Kupitia dirishani nilimuona jirani yangu amekaa na ungo wake, ananitazama usoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Nilirudi ndani nikavichomoa. Aliniuliza yule bibi ni wa nyumba ipi Bwejuu, maana mdomo ule anaujua, huenda ni watu wa kwao. Kisha akaniuliza kama nimeshabisha.

"Zote tatu."

Aliinama kuokota mchele. Niliteremka kwenye kiti, nikakaa chini, nikamsaidia kuokota, naye hakunizuia. Nikadhani yamekwisha.

"Siku ile sikuja kukualika tu," alisema, bado ameinama. "Nlitaka wewe ndo uniingilie mtaani. Ushike udi, unialikie watu. Mashoga nliokuja nao walikuwa wakufuate wewe. Sasa nshampa mwengine, na keshamaliza."

Kumualikia mtu harusi ya mwanawe ni kupewa uso wake uende nao kwa watu, na uso ule niliucheka.

"Basi nitakuja kupika, mama. Nitakuja tangu alfajiri."

"Utakujaje? Hujaalikwa."

"Si ndo nishakuja?"

"Umekuja kwangu. Mwaliko hauchukuliwi kama ndoo kisimani." Alichukua ungo akaupembua. "Nenda kwako, mwanangu. Ukae. Mwaliko utakufuata mlangoni, moyo ukinituma."

Nilikaa. Vidude nilivitia katika kopo la biskuti, kopo nikaliweka juu ya kabati, na kazi ya watafiti nikaiacha ingoje. Jioni ile na kesho yake yote nilisikiliza uchochoro ambao nilikuwa nimelipia nisiusikie. Nilisikia vespa za watu mbalimbali nikaanza kuzijua kwa kikohozi. Nilisikia waongoza watalii wote, na mmoja wao alinipandisha cheo nikawa mjukuu wa sultani. Nilisikia kandambili za jirani yangu zikitoka, nikainuka, zikaelekea dukani. Nikazisikia zikirudi, zikapita. Mume wangu alirudi na begi la vifaa akaniuliza mbona nimekaa nyuma ya mlango; nikamwambia ninafanya kazi. Akasema siku hizi kazi yangu haieleweki, akaenda kuoga.

Kuhusu sare, dada alinipigia kunijulisha kwamba kitambaa kimekwisha dukani. Ningekuwa harusini peke yangu nguo mbali, katikati ya wanawake wote waliovaa nguo moja, na kila jicho lingejua sababu. Nilimwambia sawa. Alipendekeza nivae hedifoni juu ya ushungi, ili safari hii zionekane.

Udi ndio uliotangulia. Uliingia dirishani siku iliyofuata, muda mfupi baada ya alasiri, nikasimama. Kisha kandambili, hapana, viatu, viatu vya kutokea, mlango hadi mlango, hatua ambazo mtu mwengine angezimaliza kwa pumzi moja. Yeye alizichukua taratibu. Alikuwa amejifukiza na kuvaa baibui lake zuri kwa ajili ya kuvuka uchochoro. Nilisikia pete yake ikigusa ubao wa nakshi. Nilisikia akivuta pumzi.

"Hodi."

"Karibu, mama, karibu, karibu sana," nikasema, mkono wangu ukiwa tayari juu ya komeo.

"Ngoja," alisema kutoka upande wa pili. "Ngoja nimalize."

Nikaondoa mkono. Akabisha ya pili, ndefu, ya kufika mpaka kwa mke wa mwenye duka la kanga. Kimya kikapita, na katika kimya hicho nikasikia dirisha moja juu likifunguliwa, na jingine, na muuza samaki akisimamisha baiskeli yake. Akabisha ya tatu. Niliisikiliza mpaka ikaisha kabisa ndipo nikaitikia, nikafungua.

Alisimama peke yake, kitezo cha udi mkononi. Alinialika kwa maneno yote, jina la binti, jina la bwana harusi, siku, nyumba, wanawake waje kuanzia asubuhi, kama vile mimi ni mtu wa Tumbatu ambaye hajawahi kufika mtaa huu. Alipomaliza alinitazama masikioni, la kulia, kisha la kushoto.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi kesho ulete ile sahani yako iliyorudi tupu," alisema, akageuka kurudi kwake.